Propela ya Mwenyekiti

Mzee Karanja,

Wewe umepumzika, mimi ndio nimebaki na balaa. Ile propela ulikataa kufunga imerudi.

Hata mwezi haujaisha tangu tukuzike. Mwenyekiti wa chama aliingia gereji na vijana wawili, akaiweka kwa meza yako. Bomba refu la aluminiamu, jepesi mpaka analibeba kwa mkono mmoja. Alitaka pikapu yake ishinde mashindano ya Jumapili, kutoka mji wa Ziwa hadi Moi's Bridge. Eti ya chuma ni nzito, inakula nguvu ya injini kabla haijafika magurudumu ya nyuma. Ni kweli, hata wewe ulikubali. Lakini nakumbuka ukipitisha kidole polepole, ukapata pale imebonyea chini ya rangi. "Chuma kinasamehe, Barno. Hii haisamehe." Mbio zikichanganya, itakatika, ichimbe barabara, ipindue gari.

Nilimwambia Mwenyekiti hivyo hivyo. Akacheka. Akauliza kama gereji yetu iko na laiseni. Wale vijana walisimama mlangoni, wakiniangalia mikono.

Na unajua dereva wake ni nani? Njoroge. Mtoto wako wa pekee, Mzee! Aliandikwa kazi wiki ile ile ya mazishi, anapita hapa akipiga honi. Nikimwonya, ananiambia nina wivu. Woi! Pale wodini ulinishika mkono ukasema, "Mwangalie huyu." Ningefanya nini?

Basi nilichukua propela ya zamani ya hiyo pikapu, ya chuma, nikaisugua, nikaipaka rangi ya fedha, nikaifunga hiyo. Ile nyepesi niliikata vipande vitatu nikatupa kwa choo cha shimo. Njoroge sikumwambia. Mdomo wake unaujua.

Jumapili alimaliza wa nne. Alishuka amenuna, anapiga teke matairi, lakini mzima. Nililia mbele ya watu kama mjinga.

Leo asubuhi Mwenyekiti ametuma mtu. Pikapu inaletwa saa nane, propela itolewe mbele ya macho yake. Na anakuja na sumaku. Sumaku haishiki aluminiamu, hata yeye anajua.

Sasa ni saa saba na nusu. Nimefunga mlango wa nyuma, halafu nikaufungua tena. Nikikimbia, watamshika Njoroge.

Kwaheri, Mzee wangu. Huyo mtoto sitamtaja, nakuahidi. Wakiniuliza nani alinituma, nitawapa jina lako. Wewe hawakupati.

Fundi wako,
Barno