Saa Mbili ya Rehema

Durban, Alhamisi, 18 Juni 1998

Baridi leo, na moshi wa viwanda vya mtaa wa Jacobs umetanda tangu alfajiri. Nimefunga madirisha yote kwa ajili ya kifua cha binti yangu Rehema. Moyo wangu mzito.

Yule mama wa idara ya elimu amekuja. Sheria inataka mtoto anayesomea nyumbani aandikishwe, na kabla ya kibali wanakuja kumtazama. Sina ugomvi na hilo. Lakini sikumtoa Rehema shule kwa kiburi. Pumu ilimlaza mara kwa mara mpaka wakasema arudie darasa. Nilikuwa mwalimu Tanga. Nikasema basi, nitamfundisha mwenyewe.

Mgeni akaniomba nikae jikoni, nisije nikamjibia mtoto. Nikatii. Rehema akasoma Kiingereza vizuri, hesabu akazipata zote. Nikaanza kutabasamu peke yangu kama zuzu.

Kisha akaulizwa anaanza masomo saa ngapi.

"Two o'clock," akasema mwanangu bila wasiwasi. Mpaka? "Six." Na kuamka? "Twelve o'clock, every day."

Mungu wangu!

Saa mbili, saa sita, saa kumi na mbili: kazigeuza neno kwa neno, kama tunavyozisema nyumbani. Mimi nilishasema kwa Kiingereza kwamba tunaanza "eight o'clock", yaani saa mbili yetu ya asubuhi. Kwa hiyo yule mama alichosikia ni kwamba mtoto analala mpaka mchana, na mama yake ni mwongo.

Nikatoka jikoni mbio. Nikaeleza kwamba kwetu saa zinahesabiwa tangu jua kuchomoza. Alinisikiliza kwa adabu.

"Eish, mama," akasema taratibu. Akaongeza kwamba mtoto ana miaka tisa na hajui kutaja saa.

Ni kweli. Nimemfundisha sehemu na desimali, saa nikazisahau, kwa sababu mimi mwenyewe huzigeuza bila kufikiri.

Atarudi mwezi ujao. Asiporidhika, Rehema anarudi darasani na kifua chake hicho hicho.

Jioni tumekaa na saa ya mezani, akaelewa hesabu yao upesi. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mama, kwa hiyo saa zetu ni za uongo?"

Imeniuma sana. Nikamwambia hapana, ni za kweli, ila yule mama hazijui.

Akafikiri kidogo. "Basi akirudi nitamfundisha."

Nimecheka naye, lakini naogopa. Wakininyima kibali, nitamwambia nini mtoto huyu?