Gari Limepata Mtetezi, Mimi Bado

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na uniwie radhi kama nitaandika ndefu, maana haya mambo nikitaka kumweleza mtu ana kwa ana naishia kuzungumzia bei ya vitambaa, ila nikishika kalamu naona yanatoka yenyewe. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha, na mume wangu ni mwalimu wa udereva, wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Breki kwa sababu somo lake la kwanza hadi la mwisho ni kusimama.

Tuna gari dogo jeupe, limeandikishwa kwa jina langu kwa kuwa nililinunua kwa fedha za kikundi chetu cha mafundi, na siku hiyo tulikuwa tumelipanda tunatoka kliniki, tukafika kwenye kivuko, watoto wa shule wanavuka, mume wangu akasimama kama anavyofundisha, na lori la magodoro lililokuwa nyuma yetu halikusimama. Buti likaingia hadi kiti cha nyuma, taa zikavunjika zote, bampa likabaki barabarani, na mtoto niliyekuwa nimembeba, wa kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, akafia tumboni, na mlango wa upande wangu ukawa haufunguki mpaka wakaja watu na chuma.

Bima ya mwenye lori ililipa matengenezo, gari likanyooshwa, likapigwa rangi, likarudi linang'aa, lakini mimi siwezi kulipanda, nikikaa kile kiti nafungua mlango nashuka tena, kwa hiyo nilikuwa naenda sokoni kwa miguu na mume wangu ananifuata polepole na gari kama dereva wa bibi harusi, watu wanacheka, na mimi siwezi hata kuwaeleza. Basi tukakubaliana tuliuze. Mnunuzi akaja na fundi wake wa bodi, yule fundi akagongagonga ubavuni kwa kidole, akainua mpira wa buti, akaona palipochomelewa, akamnong'oneza mwenzake, na bei waliyotutajia baada ya hapo ilikuwa ya kutuonea huruma.

Hapo ndipo mume wangu alipobadilika. Mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi za bima alimwambia kwamba gari likishapata ajali, hata litengenezwe vipi, thamani yake sokoni inashuka, na hicho kilichoshuka kinaweza kudaiwa kwa bima ya aliyekosea. Tangu siku ile, mshauri, mume wangu hana neno jingine. Akila ni thamani ya gari, akinawa ni thamani ya gari, amepiga picha kila kona, amezunguka kwa wauza magari wote kuuliza bei za magari kama letu ambayo hayajagongwa, na mtu ambaye hajanishika hata mkono tangu tutoke hospitali, kila asubuhi analipapasa lile gari buti zima.

Juzi alimleta mthamini wa magari hapa uani, nami nilikuwa dirishani nashona, nikamsikia mume wangu akimwambia, "Kwa nje utaona imepona. Hata mkwaruzo hutauona. Lakini sio ile, mzee, haiwezi kuwa ile tena." Na sauti yake ilikatika pale mwisho, mthamini akainamisha kichwa, na mimi nikasema moyoni, haya, gari limepata wa kulililia.

Sasa bima wamekubali kulipa, na kwa kuwa gari ni langu, sahihi inayotakiwa ni yangu. Akaniletea karatasi nikiwa nakata vitambaa. Nikaisoma. Imeandikwa kwamba nikishalipwa sitakuwa na dai lingine lolote, sasa wala baadaye, litokanalo na ajali hii. Mkono ukakataa. Akaniambia, "Ni sahihi tu, mke wangu. Tumalize." Nikamuuliza, "Tumalize nini?" Akachukua kitambaa akatoka kwenda kufuta gari ambalo halikuwa na vumbi.

Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji. Ninafikiria kwenda kwa dada yangu na nisirudi. Nisaini au nisisaini? Na je, mimi nina kasoro gani hata nimefika mahali pa kulionea gari wivu?

Ni mimi, Mshona Sare.

JIBU

Pole, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, ndipo nikarudi.

Nianze na kukugombeza kidogo. Umenielezea buti, taa, bampa na mlango, na mtoto wako umempitisha katikati ya vyuma kama mtu anayepitisha magendo. Halafu unamshangaa mumeo kwamba anazungumzia gari tu. Nyote wawili mnafanya kazi ileile, yeye uani na wewe dirishani. Mfa maji hushika maji, naye amelishika gari kwa kuwa ndilo peke yake lenye mtu wa kumsikiliza: kuna mthamini, kuna ofisi, kuna mahali pa kupeleka lalamiko. Soma tena maneno aliyomwambia mthamini, yale uliyoniandikia kwa mkono wako mwenyewe. Unadhani sauti ya mtu mzima hukatika kwa sababu ya buti? Na kumbuka alisimama kwa sababu ndivyo anavyofundisha. Kila siku anawafundisha wengine kusimama, na hujui anajisemea nini akishasema hivyo.

Yeye naye ana kosa, na kosa lake si dogo. Mke anaguswa kabla ya gari. Akilisoma jibu hili, na alisome, hilo limwingie.

Sasa karatasi. Usiisaini kama ilivyo. Mkono wako uliona ambacho macho ya mumeo hayakukiona. Dai la thamani ya gari ni halali, liendelee, wala usilionee haya, lakini waambieni bima waandike wazi kwamba malipo hayo ni ya gari peke yake. Mwili wako uliumia, mtoto wako alifariki, na hayo yana madai yake mbali, nayo yana ukomo wa muda kisheria. Chukua vyeti vya hospitali uende kwa wakili wiki hii. Kama huna cha kumlipa, tafuta wanaotoa msaada wa sheria bure. Najua utasema hutaki kulipwa kwa ajili ya mtoto. Huko si kulipwa, ni kuwafanya waandike kwamba alikuwepo. Na mkiliuza gari, mwambieni mnunuzi kila kitu, msimwachie fundi wake agundue.

Kwa dada yako usiende, si sasa. Ukiondoka leo utakuwa umemwachia gari akae nalo.

Zima cherehani, mwite mumeo ndani, akae. Hukuniambia kama mlikuwa mmempa mtoto jina. Kama mlikuwa nalo, mtajie. Kama hamkuwa nalo, mchagulieni pamoja, hapohapo. Atalia, nawe utalia, na msinyamazishane. Wakili na bima watasubiri hadi kesho. Mtoto wenu hajaliliwa na wazazi wake wakiwa pamoja.