Zoezi la Viti Viwili

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mgongo umekupa nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia. Nampa dereva wa basi ili ikufikie kesho.

Wiki hii ofisi imetuweka kwenye mafunzo. Kazi yangu unaijua: mahakama ikimpa mtu kifungo cha nje, sisi ndio tunamsimamia. Siku hizi wengi ni vijana waliotoka utotoni juzi tu, nasi tunawahoji kama majambazi sugu. Mkufunzi, mama mpole lakini hana mzaha, alisema kijana akikosa kuripoti tusikimbilie kumrudisha kwa hakimu. Kwanza tujue anaogopa nini.

Akaweka viti viwili, mmoja wetu awe afisa, mwingine kijana. Mimi nikaambiwa niwe kijana, na mvi hizi! Afisa akawa mwenzetu tunayemwita Bwana Kifungu, maana hata chai hanywi bila kutaja sheria. Akanimiminia maswali, nikanuna. Mkufunzi akamwambia aulize moja tu, kwa nini siji, kisha anyamaze. Maskini, ukimya ule ulimtesa mpaka jasho likamtoka, lakini alinyamaza. Ndipo nikajikuta nasema:

"Siji kwa sababu mkipiga simu nyumbani, baba atajua. Bora nifungwe."

Wakanipigia makofi, eti nimeigiza vizuri. Nikatoka nje nikalia.

Sikuigiza, kaka. Hayo ni maneno ya binti yako, aliyoniambia jikoni kwangu. Chuo cha ushonaji alishaacha. Alikamatwa pamoja na wenzake kwa wizi wa simu, akapewa kifungo cha nje, na hajaripoti tangu afisa wake alipodai namba yako. Mimi ni shangazi yake, siruhusiwi kumsimamia. Ninachoweza ni kumpa mahali pa kulala. Jumatatu anarudishwa mahakamani, na safari hii huenda akafungwa kweli.

Aliniapisha nisikuambie. Nimevunja kiapo, na akinichukia nitavumilia. Hasira zako nazijua, na ninakuogopa hata sasa ninapoandika. Zimalize njiani. Ukifika usimhoji, kaa naye tu.

Msalimie wifi, na umweleze taratibu. Hakimu huwa anauliza kama kijana ana mzazi wa kusimama naye. Mwanao amejiandaa kujibu kwamba hana.

Mdogo wako akupendaye,
Pilipili