Mshubiri Ulioung'oa Mpakani

Kaka Isidori,

Siku ile niliyokupigia simu nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba hukupatikana. Nilimwambia simu iliita mpaka ikakata, nikajaribu tena, ikaita tena. Sijamwambia mtu yeyote kwamba ulipokea na kwamba tuliongea. Hata kwa padre, nilipokwenda kuungama kabla ya Pasaka, nilitaja hasira na uvivu, hili nikaliruka.

Unaona sikuanza na shikamoo. Sikusahau. Nimekuamkia hivyo tangu nilipojua kusema, na siku ile ya simu nilianza nayo, ukaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu. Leo siitoi.

Nimemaliza kidato cha nne na matokeo bado. Nina muda mwingi, na sehemu kubwa ya muda huo nautumia kukuchukia. Sina uzoefu wa kuchukia. Kila nikianza, nakukumbuka ukiwa umepiga magoti kwenye majani yenye umande, suruali imelowa, unaita jina la mmea kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Afadhali nikuandikie hayo kwanza, yaniishe.

Ulikuja likizo ile ndefu na mbao mbili zenye mikanda za kubania mimea ikauke, kioo cha kukuzia na mzigo wa magazeti makuukuu. Ulisema kazi yako ya shahada ya pili ni kutafuta na kuorodhesha kila mmea wenye mishipa, kuanzia kwetu Daudi mpaka miteremko ya mlima Hanang. Mama aliuliza, "Mishipa kama ya mtu?" Ukamshika mkono, ukapitisha kidole juu ya mshipa wake, ukamwambia, "Kama hii, mama, ila yao inapandisha maji." Mama alitembea na maneno hayo wiki nzima. Sokoni aliwaambia wenzake kwamba mwanawe anachunguza mishipa ya majani. "Kwani yanaumwa?" akauliza mama mmoja, wakacheka wote. Mama alicheka kuliko wao. Sijawahi kumwona ana fahari namna ile.

Mimi ulinichagua kwa sababu sisemi. "Wewe ndiye unayenifaa," uliniambia. "Hupigi kelele, na unaona vitu." Shuleni walimu walikuwa wakiniandikia niongeze juhudi katika kujieleza. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba ukimya wangu una kazi.

Ulinifundisha kugeuza jani la kangaga, ile mimea ya kivulini isiyotoa maua, nione vidoti vya kahawia upande wa chini ambavyo ndiyo uzao wake. Ulinifundisha kwamba mmea usio na ua wala tunda hauna maana kuubana, kwa sababu atakayeutazama baadaye hataweza kuutambua. Nikakuuliza kuhusu ule ukijani laini unaoshika kwenye mawe ya chemchemi. "Huo hauna mishipa," ukasema. "Uache, haumo kwenye kazi yetu." Uliposema yetu, nilijifanya nafunga kamba ya kiatu ili usinione uso.

Kila nikitoka shule nilifungua zile mbao, nikaanika magazeti yaliyolowa, nikaweka makavu. Nilikuwa nayasoma nikiyapanga: viwanda vinauzwa, benki mpya zinafunguliwa, mkoa unagawanywa. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, lebo zote ilibidi ziandikwe upya, na ukanipa mimi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako. "Tumehama bila kubeba hata kijiko," ulisema. Nilicheka mpaka kalamu ikaenda upande nikaharibu lebo, na hukunigombeza.

Basi, hayo yamekwisha. Sasa mshubiri.

Shamba letu la bondeni, lenye unyevu hata kiangazi, linapakana na la Mzee Lohay. Babu yetu na baba yake Mzee Lohay waligombania bonde lile wakiwa vijana, kisha wakapatana. Babu akaenda Gehandu, alikoolewa dada yake, akarudi na miche mitatu ya mshubiri wa mlimani, ule wenye maua mekundu yanayoinamisha vichwa. Wakaipanda wote wawili, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini karibu na maji. Waliuchagua kwa sababu hauoti Daudi. Mmea wa hapa mtu angeweza kusema umejiotea tu. Wewe ulikwenda seminari ukiwa mdogo, na baba alifariki ukiwa huko, kwa hiyo hakuna aliyekutembeza mpakani. Mimi baba alinitembeza. Alinishika bega akaniambia niuguse kila mmoja.

Siku uliyoing'oa, mama alikuwa Dongobesh msibani. Nilisikia unaniita kutoka bondeni.

"Paska! Njoo uone! Huu haujawahi kuandikwa nyanda hizi!"

Nilipofika, mmoja ulikuwa umeshalala juu ya gunia na mizizi yake yote.

"Kaka, huo ni mpaka."

"Mpaka wa nini?"

"Wetu na Mzee Lohay. Babu aliupanda. Aliutoa Gehandu."

"Nani kakuambia?"

"Baba."

Ulifuta udongo kwenye jembe kwa kidole gumba, taratibu, ukitazama chini, na najua kwamba katika muda ule uliniamini. Kisha ukacheka.

"Hadithi za wazee hizo, mdogo wangu. Mmea unaota unapotaka. Na hata kama ni mpaka, Mzee Lohay si jirani? Kwani atasahau?"

"Bakiza mmoja basi."

"Siwezi. Mmoja unakwenda Arusha, mmoja Dar es Salaam, mmoja ng'ambo kwa profesa. Watagawanaje?"

Uliniambia mshubiri ni mkaidi, kwamba hata ukiubana ndani ya magazeti unaendelea kuishi, unaweza hata kutoa chipukizi humo, mpaka uuchemshe ndipo unakubali kufa. Ukaichemsha kwenye sufuria ya mama ya makande. Mama aliporudi kutoka msibani akapika, na makande yakawa machungu kama kwinini. Akaisugua sufuria kwa majivu, akaisugua kwa mchanga, uchungu ukabaki. "Umechemsha nini humu, baba?" alikuuliza. Ukamjibu, "Mambo ya chuo, mama." Akala. Alikula makande machungu siku zote zile bila kukunja uso, kwa heshima ya elimu yako.

Ukaondoka. Baadaye yakaja malori ya wanunuzi wa vitunguu saumu. Unakumbuka zamani mazao yalikuwa ya ushirika. Sasa mwenye lori na fedha anakuja mwenyewe mpaka shambani. Bonde tuliloachia ng'ombe likawa linatamaniwa. Msimu wa kwanza Mzee Lohay aliingia kidogo. Msimu wa pili matuta yake ya vitunguu yalifika kwenye mtaro wetu wa maji. Mama akamfuata, mimi nyuma yake.

"Baba Lohay, hapa umeingia kwangu."

"Kwako wapi, Mama Isidori? Nioneshe mpaka, niusalimie."

"Unajua mshubiri ulikuwa hapa."

"Ulikuwa," akasema. "Na mimi nilikuwa na meno."

Vibarua wake walicheka mpaka wakaegemea majembe.

Mama alikwenda baraza la kata. Wazee walikuja bondeni, wakasimama kwenye vitunguu, wakauliza alama. Nikaomba kusema. Mimi, kaka, ambaye kanisani nilikataa kusoma somo nikasingizia kifua. Nilisimama mbele ya watu wote wale, nikaeleza ulivyoing'oa na kila mmoja ulipokuwa.

"Sauti, binti, sauti!" mwenyekiti akasema.

"Mwacheni," akasema Mzee Lohay, "anaongea na sisimizi."

Wakacheka. Nikaanza upya kwa sauti kubwa, ikapasuka katikati, nikaendelea hivyohivyo mpaka mwisho. Mwenyekiti hakucheka. Alinitazama vizuri, akamgeukia mama. "Mtoto wa nyumbani anasema ya nyumbani. Aliyeng'oa ni nani? Si kijana wako msomi? Aje yeye, au alete barua, aseme alikuta mshubiri umepandwa hapa na hapa. Huyo tutamsikiliza. Tunakupa muda mpaka kikao kijacho."

Umesikia? Hawakutaka wakili wala ramani. Walitaka neno lako.

Mama aliniagiza Mbulu mjini, kwenye kibanda cha simu. Nilikwenda nikijisemea maneno njiani nisije nikakwama. Ulipokea. Nikakueleza yote, na ulisikiliza, kisha ukasema pole. Nilifurahi, nikadhani pole ni mwanzo.

"Lakini Paska, unajua nimeuandikaje ule? Nimeandika unaota wenyewe. Umo kwenye orodha, na profesa ameshaipitisha. Ndio mmea uliowafanya wakae sawa kwenye viti wanisikilize. Nikisema ulipandwa, watauliza, na mingine je? Kazi yote itaonekana ya ovyo."

"Lakini ulipandwa."

"Ndiyo," ukasema. "Najua ulipandwa."

"Basi waambie."

"Ni kipande tu cha bonde. Nikipata kazi nitamnunulia mama shamba zuri kuliko hilo."

"Hataki lingine."

"Dada, muda unakimbia," mwenye kibanda akaniambia. Wewe ukasema, "Mwambie mama nimebanwa sana," halafu ukakata.

Njia nzima nilitafuta namna ya kumfikishia mama maneno yako. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Hakuuliza kama unakuja. Aliuliza, "Anakuja lini?" Ungo ulikuwa mkononi, na alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikasema hukupatikana.

"Masikini mwanangu," akasema. "Simu za Dar nazo! Angejua, angekuwa ameshafika."

Kikao kikaja, neno lako halikuja. Sasa mpaka ni ule mtaro wa maji. Majani ya ng'ombe tunayafuata makorongoni, mama anayapandisha mgongoni, na mgongo wake si ule uliouacha. Asubuhi Mzee Lohay anamwamkia akiwa katikati ya vitunguu vyake, kwa adabu zote, na mama anaitikia kwa adabu zote. Mimi naingia ndani.

Wewe ulinifundisha kutazama, na siwezi kuacha. Nikipita kwenye kivuli, mkono wenyewe unakwenda kugeuza jani la kangaga. Halafu nakukumbuka, naliachia. Umenichukulia hata hilo. Unajua majina ya mimea mingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na uliitazama mitatu ikiwa imesimama kwenye mstari, umbali sawa, katikati ya mashamba mawili, ukaandika imejiotea. Hukukosea. Uliniambia mwenyewe unajua. Ulidanganya kwa kalamu, na mama akalipa kwa bonde.

Sasa katekista ametuletea salamu zako. Unakuja baada ya mavuno pamoja na profesa na mgeni wake, wanataka kuona mahali mshubiri ulipoota. Mama amepaka nyumba chokaa. Ametenga jogoo. Jana alikwenda kwa mwenyekiti wa baraza kuuliza, naye akamwambia rufaa bado inawezekana kama wewe mwenyewe utasema. Amerudi anaimba. "Akifika tu, kabla hata hajala," aliniambia, "nitampeleka akawaambie. Kaka yako si mtu wa kumwacha mama yake." Niliinama nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Kwa hiyo nakuambia kabla hujafika. Mama atakuomba mbele ya profesa wako. Hatajua anachokuomba, yeye ataona ni jambo jepesi. Kama utawaambia wazee ukweli, wageni wako wakisikia, njoo. Nitawapikia, nitawabebea mizigo, nitawaonesha mashimo matatu yalipokuwa, najua kila moja lilipo chini ya vitunguu. Kama huwezi, usije. Andika unaumwa, au umepelekwa safari ya kikazi. Usije ukale jogoo wake kisha ukageuze uso akikuomba.

Na sikuombi uniombe msamaha, sijui ningeuweka wapi. Nakuomba jambo moja, na linanikera kwamba lazima nikuombe wewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kuombwa. Ukija, iwe kwa wema au kwa aibu, huenda mama akakushika mkono ukajisikia kumwambia kila kitu, utue mzigo. Usiutue kwake. Wazee waambie habari ya mshubiri. Habari ya simu usimwambie. Akikuuliza, mwambie iliita na hukuisikia. Mimi nimeshamdanganya na nitaendelea, nikiwa mzee nitakuwa bado namdanganya. Bonde limeondoka, na labda litarudi. Lakini jioni akisali, anaanza na jina lako kabla ya langu, na kwenye jina hilo sauti yake haina wasiwasi wowote. Mwachie hilo. Tunajua wawili tu, wewe na mimi. Asijue, kaka. Tafadhali, mama asijue.

Mdogo wako,
Paskalina