Safu ya Sababu

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Ofisini wamenipa kiti kipya cha kuzunguka, mgongo umepona kabisa.

Nasikia umeninunia kwa sababu umeachishwa kazi. Programu niliandika mimi, lakini yenyewe haijui ndugu. Inahesabu siku ambazo kila mfanyakazi hakuja, inatafuta wastani, kisha inawaorodhesha waliouzidi mno. Wastani ulikuwa siku nne. Wewe ulikosa arobaini na moja. Meneja aliniuliza, "Huyu si mdogo wako?" Nikamjibu, "Takwimu hazina undugu." Akacheka, akasaini.

Kwenye data kulikuwa na safu ya sababu za kutokuja. Niliifuta kabla sijaanza, maana karibu wote waliiacha wazi, na safu tupu inasumbua tu. Wewe peke yako uliijaza, siku zote arobaini na moja. Niliisoma kabla ya kuifuta: "Namuuguza mama. Dada hawezi kuja, ana kazi nyingi."

Kazi yenyewe ndiyo ilikuwa programu hii.

Nguo za marehemu usizigawe mpaka nije nichague.

Ni mimi,
Dada yako