Papa wa Mpira

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepoa kidogo, maana najua huwezi kuiacha cherehani hata daktari akikupigia magoti. Shemeji hajambo? Na wanangu je, bado wanagombania dirisha? Mimi mzima, nakula, nalala. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda umeshasikia kwamba nimekufa.

Nimekufa kwenye filamu tu. Nimeliwa na papa.

Siku nilipoacha chuo cha uuguzi ulisema nisikutafute mpaka akili zinirudi. Sina hakika kama zimerudi, lakini naandika hivyohivyo. Filamu yenyewe inahusu papa wanaovamia ufukwe na kutafuna watu. Mimi ni msichana wa kuuza tiketi za boti, hana baba, hana mama, hana ndugu, na analiwa mapema ili watazamaji wajue kwamba hapa hakuna mchezo.

Ukimwona huyo papa utacheka. Ni mpira uliovalishwa kwenye fremu ya chuma, meno ya plastiki, na jicho moja limekaa upande. Tulimwita Bosi, kwa kuwa sote tulishinda tukimsubiri yeye. Alivutwa kwa waya na winchi, ile mashine ya kukunja waya, ndani ya bwawa la hoteli iliyofungwa, na maji yalitiwa rangi yafanane na bahari. Kila alipokwama tulikunywa chai, na alikwama sana.

Kuogelea kwangu unakujua. Kwa hiyo tulikubaliana mapema: nikizidiwa kweli, niinue mikono yote miwili, na wa winchi atazima. Asubuhi ya siku yenyewe mwongozaji aliniangalia nikifanya mazoezi ya kuliwa, mkono mmoja juu, akasema mkono mmoja hautishi, niinue yote miwili. Nikasema sawa. Wa winchi akasema sawa. Wapiga picha wakasema sawa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba hiyo ndiyo alama yetu ya hatari. Watu wazima na akili zetu.

Siku hiyo Bosi hakukwama. Alikuja moja kwa moja, meno yakanasa pindo la gauni, winchi ikavuta, nikaenda chini. Nilipoibuka nikainua mikono. Mwongozaji akafurahi. Nikazama, nikaibuka, nikainua tena, na nikamsikia akisema kamera zisisimame, binti leo ameamka vizuri. Dada, niliogopa, sitakuficha. Maji yaliniingia puani mpaka nikaona giza, na nilijua kwamba nakufa huku watu wananisifu.

Kuna mama mmoja pale ambaye kazi yake ni kukaa na mwongozo wa filamu mkononi na kufuatisha kila tunachotamka. Ukiruka neno anakurudisha. Tulimwita Mwalimu wa Zamu, na kusema kweli hatukumpenda. Mwongozo ulitaka nipige kelele za kuomba msaada. Yeye alinisikia naita neno jingine, akalitafuta kwenye ukurasa kwa kidole, hakuliona. Alinieleza baadaye kwamba waigizaji wanasahau maneno kila siku, ila hajawahi kusikia mtu akisahau kwa sauti ile. Akawapigia kelele wazime winchi, kisha akajitupa majini na viatu vyake.

Nilitapika maji, nikafunikwa taulo, na mwongozaji akaniomba radhi akilia. Si mtu mbaya. Ila picha ile aliitunza, na walipoanza kuunganisha filamu akaniambia hakuna iliyo bora kuliko hiyo, akaomba ruhusa aitumie. Nikamruhusu. Ndipo akasema imebaki kasoro ndogo. Alitaka niingie studio nirekodi sauti upya, niondoe lile neno, kwa sababu halimfai msichana wa tiketi. Nikifanya hivyo, kwenye filamu yake inayofuata nitakuwa mhusika mkuu. Nikakataa. Nilimwambia aichukue picha na neno lake, au aiache yote. Alidhani natania. Alipoona sitanii aliichukua ilivyo, na ile nafasi kubwa akampa mwingine. Iliniuma sana, maana unajua nimeihangaikia kiasi gani.

Neno lenyewe, Dada, ni wewe. Sikuita msaada, wala sikumwita mama, Mungu amrehemu. Niliita Dada, kila nilipopata pumzi. Hatujasemezana muda mrefu, na sikujua kama bado nina haki ya kukuita, lakini mle majini sikujiuliza. Mwongozaji alitaka nilifute, nami nikaona nikilifuta nitakuwa nimekubali kwamba kweli sina mtu.

Filamu inakuja huko kwenu karibuni. Tafadhali usiende peke yako. Papa ni mpira, lakini anayeita ni mdogo wako hasa, na ujue kwamba alishatolewa majini.

Sijaacha uigizaji na sitaki kukudanganya kwamba nitaacha. Nataka tu kuja nyumbani. Niambie kama nikibisha utanifungulia. Nisalimie sana shemeji, wanangu wote, na majirani wanaoniulizia, hata wale wanaoulizia umbea. Pumzisha mgongo.

Ni mimi mdogo wako, bado nakuita.