Maneno Tuliyokwisha Kuyafuta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lipo kwenye jalada. Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 26. Kazi: mchapaji. Makazi: nyumbani kwa kaka yangu, chumba cha uani.

Ninaanza na sauti ya selotepu, kwa sababu ndiyo ninayoisikia hadi sasa. Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wifi yangu alikuwa akifunga boksi la vitu vyake ofisini. Aliivuta selotepu ndefu kuliko boksi lenyewe, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Ofisi yetu ipo juu ya duka la dawa. Tuko wachapaji sita. Tunasikiliza rekodi za mikutano na kuziandika. Kila asubuhi, kabla ya kazi, tunapasha vidole moto: unafungua ukurasa mtupu, unaandika lolote lililo kichwani kwa dakika kumi bila kusimama, kisha unafuta. Wifi ndiye aliyenifundisha. "Andika hata matusi, wifi," aliniambia. "Huo ukurasa hauna mdomo."

Mnamo tarehe 2 mwezi uliopita meneja alinipa programu niiweke kwenye kompyuta zote. "Wewe ndiye msomi wetu," alisema. "Ni ya kusahihisha makosa ya herufi tu." Ilikuwa na kurasa thelathini na moja za masharti. Mimi husoma hata ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa ya kikohozi. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Nilibonyeza "Nakubali" mara sita.

Tarehe 9, saa tatu na nusu, meneja alimwita wifi. Mlango ulibaki wazi.

"Nasikia una mimba, hongera," alisema. "Ila mkataba wako unaisha mwezi huu na hatutauongeza. Tunataka mtu atakayekuwepo."

"Nani kakwambia?"

"Dada, ofisi yenyewe ndogo hii."

"Mume wangu mwenyewe hajui!"

Wifi ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu alikuwa hataki kumwambia mtu mpaka ifike mwezi wa nne. Aliporudi alinitazama mimi, kwa kuwa meza zetu zimepakana. "Kumbe ulikuwa unanichungulia, wifi." Nikasema sikujua lolote. Akasema, "Basi imejisema yenyewe." Tangu siku hiyo akawa ananiwekea chakula mezani bila kunisemesha.

Tarehe 10, saa saba mchana, wenzangu walipotoka kula, nilikaa kwenye kompyuta aliyokuwa akitumia wifi, nikafungua mipangilio ya ile programu. Kila alichoandika, hata alichofuta, kilitumwa kwa barua pepe ya meneja kila jioni. Nilisoma mistari miwili: "Leo hakuna damu. Leo pia hakuna damu." Nikaacha, haikuwa haki yangu. Nikafungua yangu. Neno "nimechoka" lilijaa ukurasa.

Tarehe 11, saa mbili asubuhi, nilimuuliza meneja. Hakukana. "Kompyuta ni za ofisi. Kwani nimeingia chumbani kwa mtu?" Kisha akaniagiza niifute programu kwenye mashine zote kabla ya saa sita mchana na ninyamaze, maana aliyekubali masharti ni mimi. Hilo ni kweli.

Jioni nilimweleza wifi yote, akiwa anaanua nguo. Alinipa ncha mbili za shuka nishike, tukaikunja.

Programu sikuifuta. Saa sita kasoro dakika kumi mchana siku hiyo nilikuwa nimeshashuka ngazi na kompyuta ninayotumia mimi, bila ruhusa na bila kuificha. Ya wifi nimeiacha. Maneno yake ataamua mwenyewe kama yasomwe. Mtakayoyakuta kwenye hii niliyoileta, afande, ni yangu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, na sikushurutishwa kuyasema.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya askari: Maelezo yameandikwa mbele yangu tarehe 12, saa nne asubuhi. Nimepokea kompyuta mpakato moja, ya kijivu, ikiwa imezimwa. Shahidi alikataa maelezo yachapwe. Ameandika mwenyewe, kwa kalamu.